Kiporo cha Wakorea Kimenimaliza

Jirani, sogea hapa. Usianze kucheka, hata sijasema.

Unajua vile kabichi imekuwa hapa Kedowa. Lori haziji. Ikija moja, dereva anashuka, anasikia bei, anauliza hiyo ni bei ama ni namba ya simu. Watu wakisikia Kericho wanawaza majani chai tu. Waje huku kwa barabara ya Nakuru waone kabichi za Gloria zimepangwa kando ya lami mpaka mbuzi wamezikinai. Kwangu tumekula kabichi na ugali. Kabichi na viazi. Kabichi na chapati. Kitinda mimba aliomba sukuma wiki huku analia.

Sasa binti yangu akafunga shule. Akachukua simu yangu, akamaliza bando yangu, akaniwekea picha moja ya Wakorea. Mtu anakula wali mwekundu, yai juu, macho yanamtoka kwa utamu. Nikauliza ni nini. "Baba, ni wali wa kukaanga na kimchi. Kimchi ni kabichi iliyochachishwa." Mimi nikasikia kabichi. Mengine sikusikia.

Kumbe wenzetu hawachezi na kabichi. Kabla ya baridi kali kufika, jamaa nzima inakusanyika, na majirani, wanatia marundo ya kabichi chumvi na pilipili, wanashindilia kwa mitungi. Zamani mitungi ilifukiwa ardhini. UNESCO iliandika shughuli hiyo kwa orodha ya urithi wa binadamu, ya Korea Kusini mwaka wa 2013, ya Kaskazini 2015. Hao watu wana mpaka wenye mabomu ya ardhini katikati, lakini kwa kabichi wako pamoja. Mimi na ndugu yangu tuna ua wa michongoma tu na hatusalimiani.

Basi nikaanza. Yao ni ile kabichi ndefu ya Kichina. Yangu ni Gloria, imefungana, kisu kinaomba msamaha. Nikakata, nikatia chumvi, nikaacha mpaka ikalegea, nikaosha. Pilipili? Ati lazima iwe ya kwao, ya chengachenga, nyekundu sana. Mpwa wangu Nairobi akaipata, akaituma kwa matatu. Bei ya jogoo. Jogoo mwenye afya. Halafu wanataka mchuzi wa samaki aliyeozeshwa. Samaki hapa tunamjua akiwa omena. Nikatwanga omena. Nikaongeza kitunguu saumu, tangawizi na uji mzito wa unga wa mchele, nikapaka kila jani kwa mikono. Hakuna aliyeniambia nivae glavu. Halafu nikajikuna jicho. Hapo tupite.

Nikashindilia kila kitu kwa chupa kubwa ya kioo. Nikaipeleka jikoni. Mama yangu akanizuia mlangoni. Jikoni ndipo sotet, vibuyu vyake vya mursik, zimepangwa, zimesafishwa, zimepakwa makaa ya mti wa senetwet, maziwa yametulia ndani yanachacha kwa heshima. "Hiyo kitu yako inanuka. Itaharibu maziwa yangu."

Jirani, mursik! Maziwa yaliyokaa kwa kibuyu siku na siku! Wanariadha wakirudi na medali wanaipokea pale uwanja wa ndege, kamera zote ziko. Yangu ndiyo inanuka. Lakini utabishana na mama? Nikaweka chupa sebuleni, kando ya televisheni, juu ya kile kitambaa cheupe mama watoto alishona kwa mkono.

Ikakaa kimya. Baridi yetu unaijua. Kule kwenye joto kimchi huanza kuchachuka siku moja au mbili. Hapa hata kapovu hakuna. Nikajua nimeuziwa hewa.

Sasa ikafika zamu ya mama watoto kukaribisha chama. Jiko la makaa likawashwa sebuleni, akina mama wapate joto. Kumbe chupa nayo inapata joto. Kuna vijidudu mle ndani vinavyokula sukari ya kabichi na kutoa hewa, ndiyo maana wenyewe hulegeza kifuniko kila siku. Mimi nilikuwa nimekaza. Mtu akifunga kitu si amefunga? Mweka hazina akauliza ile nyekundu ni nini. Nani ameniuliza swali la maana mwaka huu? Nikainua chupa, nikaeleza UNESCO, nikafungua.

Ilitoka kama soda iliyotikiswa. Vitambaa vyote vya kochi. Daftari la michango. Gauni la mweka hazina, lile la harusi za watu. Halafu harufu ya omena ikafika, ikakaa, ikavuka miguu. Mwenyekiti akamwuliza mama watoto, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, kama mzee amekuwa akijisikia vizuri.

Nilifua vile vitambaa mwenyewe, kwa bomba la nje, siku ya soko. Watu wanapita. Wengine walirudi kupita tena.

Bado wali. Lazima uwe wa jana, wa leo una maji, utashikana. Nyumba yangu tangu lini wali umelala? Nilipika wa Ahero, nikaficha bakuli kwa sanduku chini ya kitanda. Mama watoto akalipata usiku. Akanitazama muda mrefu. Sasa kuna watu wanaamini nakula nikijificha.

Lakini acha niseme ukweli. Huku juu, zaidi ya mita 2,000, maji huchemka yakiwa digrii 93 hivi, wali unabaki na ugumu kidogo. Wa kuliwa hivyo hivyo ni balaa. Wa kukaanga ndio huo! Kila punje peke yake. Nikakata kimchi vipande vidogo, nikaikaanga na kitunguu mpaka ikashika rangi, nikamwaga wali, nikatia vijiko viwili vya maji yake yale mekundu, tone la mafuta ya simsim. Yai la kienyeji juu, kiini kikitetemeka. Binti akanyamaza. Mama watoto akaongeza. Mimi nikabakiziwa kikaango.

Mama alikataa. Alisema hali kitu kilichooza. Baadaye akaonja ncha ya kijiko, ati ajue itamdhuru nani. Akaonja tena. Akaitisha kimyet, ugali wetu, na kikombe cha mursik. Akala mle mle kwa chupa. Asubuhi natafuta chupa sebuleni, haipo. Iko jikoni, imepangwa na sotet, imefunikwa kitambaa safi. Nikinyoosha mkono naambiwa nisiguse vitu vya watu.

Na yule kijana wa boda hapo stejini, anayeniita Mkorea mbele ya wateja, amesikia, sasa anataka kuonja. Bure! Mwambie chupa si yangu tena. Aende kwa mama. Na abebe kabichi yake.