Kurushwa Nje ya Kamba

Royal Rumble ikikaribia, vibanda umiza vya Ujiji havikaliki kwa ubishi. Wanamieleka 30 huingia ulingoni kwa zamu; anayerushwa juu ya kamba, miguu yote miwili ikigusa chini, ametoka. Sheria kali kweli, ila mshindi ameshapangwa ofisini. (Mwambie shabiki hivyo, utarushwa wewe.)

Bingwa wangu ni MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Wabelgiji wakaiibua ikazama tena, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Refa kimya!

Na abiria wake je, waliokuwa wakiikwea kutoka kwenye mitumbwi, magunia ya dagaa mgongoni? Hao hawakupangiwa mshindi, na nauli walilipa wenyewe.