Mtaka Gari la Umeme Sharti Ainame

Sakafu ya duka la magari ni vigae, na juu ya vigae hakuna gari lililowahi kukwaruza tumbo. Ndiyo maana mnunuzi wa gari la umeme la magurudumu matatu, lile la kisasa lililolalia chini, hutoka pale amejaa imani tele. Amekaa kitini, amebonyeza kila kitufe, ameuliza linakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja na kama jekundu lipo. Kuinama atazame uvungu hakukumbuka. Au alikumbuka akaona haya: mtu mzima wa Milimani, Nakuru, suruali imepigwa pasi, atapigaje magoti mbele ya vijana wa mauzo?

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walikuwa na kitanda akilini, lakini ushauri ni uleule.

Sababu za kulitaka gari lenyewe anazo, tena nzuri. Petroli inapanda kila mtu akiona. Umeme nao unachimbwa jirani: mitambo ya mvuke ya Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikifua umeme tangu 1981, na Menengai, kreta inayolitazama jiji la Nakuru kutoka juu, nayo imeanza kutoa wake. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo wengi wamelala, kabla ya kodi na tozo. Mnunuzi akipiga hesabu hiyo kwenye simu hujiona ameshinda. Nguvu ya kuliendesha gari lake inatoka chini ya ardhi ya Bonde la Ufa. Kinachomsubiri kiko juu ya ardhi hiyohiyo, na kimo chake ni kama cha tofali.

Safari ya kwanza huanza vyema. Kenyatta Avenue anateleza kimya, wenye boda wanageuza shingo. Kisha anaacha lami kuingia mtaani, iwe Kiamunyi, Free Area au Pipeline, na anakutana na tuta.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ila matuta ya mitaani hayakupata taarifa. Tuta kama tuta lina elimu yake. Katika miaka ya 1970 watafiti wa barabara wa Uingereza walijaribu maumbo mengi hadi wakapata lililokuja kuigwa kwingi duniani: mgongo wa mviringo, kimo cha sentimita 10, na mita 3.7 kutoka linapoanza hadi linapoishia. Gari hupanda pole, hushuka pole. Tuta la mtaani halikupimwa na watafiti, lilipimwa na hasira. Asubuhi boda nusura igonge mtoto. Jioni wakazi wamechanga, huyu kaleta jembe, yule mawe, na wa tatu simiti iliyobaki mjengoni. Kinachozaliwa ni ukuta mdogo, mwembamba na mrefu, usio na rangi wala kibao.

Juu ya tuta pana, magurudumu na tumbo hupanda pamoja. Juu ya ukuta huu, gurudumu la mbele limekwisha kushuka upande wa pili, la nyuma bado halijapanda, na tumbo ndilo linalobaki kileleni. Krrrr!

Ndani ya gari kila mtu amesikia, na kila mtu anatazama nje ya dirisha.

“Baba watoto, ni nini hiyo?”

“Kokoto tu, mama.”

Kilichoguswa si kokoto. Magari mengi ya umeme hubeba betri chini ya sakafu, na aliyeiweka huko hakuwa mjinga. Betri ni nzito, na chombo cha magurudumu matatu kina tabia ya kutaka kulala ubavu kwenye kona. Uzito ukikaa chini, tabia hiyo inapungua. Kwa barabara nyoofu ni akili nyingi. Kwa mitaa yetu ni kuitandaza mali ya bei ghali kuliko zote garini pale ambapo mawe yatafika kwanza. Betri nyingi huuzwa na alama ya IP67, maana yake zinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Wakazi wa Mwariki, ambao Ziwa Nakuru limewafuata hadi sebuleni kwa miaka ya karibuni, wangeifurahia alama hiyo. Haisemi neno juu ya jiwe.

Halafu kuna hesabu ya magurudumu yenyewe. Gari la kawaida huacha njia mbili za matairi, kwa hiyo dereva anaweza kulipitisha shimo katikati akaendelea na hadithi yake. Magurudumu matatu huacha njia tatu. Shimo ulilolikwepa kwa la mbele linapokewa na la nyuma. Huko Njoro, Subukia au Molo, malori huchimba mifereji miwili na kuacha katikati kigongo cha udongo na nyasi, na hicho kigongo ndicho barabara pekee ya gurudumu la peke yake. Madereva wazoefu wa tuktuk huchagua upande mmoja, gari zima likaenda limeinama kidogo, abiria wakaegemeana. Wao wanamudu kwa sababu tuktuk ya kawaida ina miguu mirefu. Jipya hili lililolalia chini halina anasa hiyo.

Wazo la kulilaza gari la umeme si geni. Januari 1985 Clive Sinclair alizindua jijini London kigari chake C5: magurudumu matatu, mtu mmoja, kilomita 24 kwa saa, bei pauni 399. Dereva alikaa chini mno hata watu wakauliza kama mwenye lori atamwona. Kufikia Agosti mwaka uleule kiwanda kilikuwa kimeacha kukiunda. Sasa kampuni ya Aptera ya Marekani imechukua oda za maelfu ya watu kwa gari lake la magurudumu matatu lenye paneli za jua, ambalo magurudumu yake ya mbele yamefunikwa ili kukata upepo. Linapendeza. Mwandishi huyu angependa kuyaona yale mafuniko baada ya wiki moja ya matope ya Mau Summit.

Na kimo cha uvungu kilichoandikwa kwenye karatasi mara nyingi ni cha gari tupu. Nakuru hakuna gari tupu. Kisheria gunia la viazi halipaswi kuzidi kilo 50, ila lumbesa kila mtu anaijua, ile iliyoshonewa kofia juu. Weka watu watatu na lumbesa moja ya kutoka Wakulima Market, springi zinajikunja, na sentimita ulizolipia zinayeyuka kabla hujatoka sokoni.

Hapo mnunuzi humkimbilia fundi.

“Mzee wangu, usijali. Tunainua inchi mbili, tunaweka spesa, kama ile Vitz ya jirani yako.”

“Na kwenye kona, kijana?”

“Kona utaenda polepole, mzee.”

Vitz ina miguu minne ya kujishikilia. Ukiliinua la miguu mitatu unairudisha juu betri ambayo mhandisi aliishusha kwa makusudi, na huenda ukaipoteza garanti siku hiyohiyo. Bati nene la kuikinga betri ni dawa bora kuliko spesa, japo nalo hula sehemu ya uvungu uliobaki.

Kwa anayeishi na kufanya kazi kwenye lami ya katikati ya jiji, gari hili linamfaa, alinunue leo. Wa Njoro na Subukia achukue tuktuk ya umeme ya umbo la zamani, yenye miguu mirefu, hata kama picha zake hazipendezi. Na yeyote kati ya hao aende dukani na tepu na watu watatu wazito, awakalishe ndani, apige magoti, apime pale palipo chini kuliko pote. Muuzaji akikataa gari lake lijaribiwe kwenye tuta la mtaani kwenu likiwa na mzigo huo, rudi nyumbani na pesa zako.