Potwe wa Maji ya Bomba

Atlanta haina bahari. Ufukwe ulio karibu ni wa upande wa Savannah, kilomita kama 400, na njia nzima ni misonobari na malori. Kwa hiyo shangazi yangu, aliyetoka Kilindoni, Mafia, kuja kututembelea, alipoambiwa Jumamosi tunakwenda kwenye samaki, aliuliza soko linafunguliwa saa ngapi, akaanza kutafuta kikapu.

Nikamweleza kwamba samaki wa jumba la Georgia Aquarium hawauzwi, wanatazamwa.

"Kwa pesa?"

"Kwa pesa, Shangazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama baba yangu ana habari.

Kikapu alikibeba vilevile. Jirani yetu wa Clarkston, mama mmoja wa Uvira, naye akaomba tufuatane, kwa hiyo tukafika mlangoni watatu. Mifuko inakaguliwa pale. Kijana wa ulinzi akatoa kanga, akatoa chupa ya chai, halafu akafungua gazeti na kukutana na pweza mkavu, mikono yote minane, ambaye Shangazi alimvusha Bahari ya Atlantiki kwa ajili ya mchuzi wa nazi na akaona si busara kumwacha nyumbani peke yake. Kijana alimtazama pweza, akatutazama sisi, akauliza kwa adabu kama tumekuja kumrudisha. Nilimpeleka mwenyewe garini. Siku ile jua lilikuwa kali, na gari linakumbuka mpaka leo.

Ndani, mambo yalianzia kwenye kidimbwi cha taa. Kuna mabwawa ya kina kifupi ambapo watoto wanaruhusiwa kumgusa taa mgongoni kwa vidole viwili. Kwa mtu wa Mafia, hiyo si burudani, ni msiba unaojipanga. Wavuvi kwao wamelazwa kwa mwiba wa taa. Shangazi alipoona vile vidole vidogo majini, alipiga ukelele, "Taa! Toeni mikono!", kwa sauti ya kuita jahazi. Hakuna aliyeelewa Kiswahili, ila wote walielewa. Watoto walirukia mapajani mwa mama zao, mmoja akaacha kiatu kikielea. Mhudumu akatueleza kwa upole kwamba miiba ya taa hawa hupunguzwa kila inapoota, na kupunguzwa huko hakuwaumizi. Nikatafsiri. Shangazi akamtazama taa kwa huruma.

"Wamemkata kucha," akamwambia mama wa Uvira.

Kisha, kabla sijamshika mkono, akachovya kidole na kuonja yale maji. Aliyatema kwenye kanga. Yana chumvi kweli, akasema, lakini hayana bahari.

Ulimi wake haukukosea. Maji ya mle ni ya bomba la mji, yametiwa chumvi ya viwandani. Tangi kuu peke yake lina zaidi ya lita milioni 23, na Shangazi alipolisikia hilo aliuliza bili ya maji inakuja kwa jina la nani. Jumba lilifunguliwa mwaka 2005 kwa fedha za Bernie Marcus, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya vifaa vya ujenzi ya Home Depot, aliyetoa dola milioni 250. "Mwenye duka la misumari?" Huyohuyo. Nadhani alianza kuwaheshimu wauza misumari.

Mbele ya kioo cha tangi hilo watu walikuwa wamekaa sakafuni, midomo wazi. Shangazi alisimama na kuanza kutia bei. Kolekole wale, elfu hamsini kwa haraka. Yule chewa ni wa harusi. Mama wa Uvira, ambaye kwake samaki ni wa Ziwa Tanganyika na wengine ni wasindikizaji, aliuliza, "Na ndagala iko wapi?" Wakabishana mpaka watu wakageuka. Mmoja anasema samaki wa ziwani hana chumvi, mwingine anajibu chumvi inanunuliwa dukani, hata hawa wazungu wamenunua.

Ubishi ulikatwa na papa potwe.

Alipita juu ya kioo na madoa yake. Mafia anajulikana. Kati ya Oktoba na Machi anaonekana karibu na Kilindoni, na wavuvi hawana ugomvi naye, kwa sababu alipo yeye na dagaa huwapo. Shangazi aliuliza amefikaje. Nikamwambia ukweli: potwe wa jumba hili walitoka Taiwan, kati ya 2005 na 2007, kwa ndege za mizigo za UPS. Wasingeletwa huku, huenda wangeliwa, maana kule wakati huo walikuwa bado wanavuliwa kwa kitoweo.

"Kwa ndege," akasema.

"Kwa ndege."

"Na viza?"

Hapo sikuwa na la kusema. Tulihangaikia viza ya Shangazi tangu mtoto wangu wa mwisho hajatambaa. Kibaya zaidi, wakati ule ulikuwa wa chakula: wahudumu, wakiwa kwenye vimashua, walikuwa wanamchotea potwe uduvi kwa upawa, naye anafungua tu kinywa. Shangazi akavuta kanga yake begani. Amelea watoto saba na hakuna aliyelishwa hivyo.

Tukiwa tunatoka, alirekodi ujumbe wa sauti kwa binamu yangu wa Kilindoni, anayewapeleka watalii kuogelea na potwe. Alimwamuru apandishe bei kuanzia kesho, kwani huku watu wanalipia potwe wa maji ya bomba, tena nyuma ya kioo. Jibu lilifika hata hatujatoka kwenye maegesho, madirisha yote manne yakiwa wazi kwa ajili ya pweza. Mashine ya boti imekufa, Shangazi kwa vile yuko Marekani amtumie hela ya plagi.

Shangazi akaweka simu mapajani, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema.