Shujaa Wangu Alikuwa wa Mwisho

Semina haziwezi kuanza mpaka kwanza zikuaibishe. Wiki iliyopita tumekusanywa ukumbini, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa na kufungwa tai kwa nyuma utadhani tumekuja kwenye harusi, kila mtu na chupa yake ya maji. Nilikwenda kusikiliza habari za mfumo mpya wa kuomba likizo. Na posho, nisiwe mnafiki. Badala yake akasimama mwezeshaji, kijana mwenye viatu vya ncha kali, akatugawia vikaratasi vya njano na kusema kila mmoja aandike jina la mtu anayemwona shujaa wake kuliko wote, na kwa nini. Dakika tano.

Mtu mzima unaulizwa swali kama hilo saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai!

Tulikuwa watu 17. Vikaratasi vikabandikwa ukutani, mwezeshaji akavisoma kimoja kimoja kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mama yangu. Mama yangu. Mwalimu Nyerere. Mama yangu mzazi. Mama yangu na bibi yangu. Tulipomaliza kuhesabu, kina mama walikuwa 11, Mwalimu Nyerere watatu, Ronaldo mmoja (huyo ni kijana wa TEHAMA), mchungaji mmoja, na mmoja wa kwangu. Baba pekee aliyepata kura ukumbini mle ni Baba wa Taifa.

Nilitazama wanaume wenzangu. Tupo baba saba pale, tunalipa ada, tunanunua gesi, tunaamka usiku kuwafukuza paka juu ya bati. Sifuri. Na wenyewe ndio walioandika mama zao! Mzee mmoja wa bohari, ana watoto sita, nikamnong'oneza kwamba tumekwisha. Akanijibu kwamba yeye baba yake alikuwa anamchapa kwa mkanda wa redio, hivyo haoni pa kuanzia.

Siwezi kubishana na kina mama. Dada wa masjala alisimama akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa anaamka saa kumi usiku kukanda unga wa maandazi, akauza mpaka wote watano wakamaliza shule, na hata leo mkono wa kulia haunyooki vizuri kwa ajili ya kule kukanda. Ukumbi ulikaa kimya. Hapo unaweza kusema nini? Mimi mwenyewe ningemwandika mama yangu kama nisingejua kwamba habari zitamfikia, na zikimfikia atapiga simu, na akipiga simu ataniuliza ile nyumba imefika wapi.

Nitairudia hiyo nyumba.

Kilichonikera ni sababu. Kila aliyesimama alisema shujaa wake "hakukata tamaa". Mama hakukata tamaa, Ronaldo hakukata tamaa, mchungaji hakukata tamaa. Ukibandua majina ukayachanganya, hakuna atakayejua lipi ni la nani. Mhasibu wetu akasema anampenda Mwalimu kwa unyenyekevu wake. Mhasibu huyuhuyu gari lake hulilaza mahali pa magari mawili, na ukimwambia alisogeze anakuuliza unajua anaongea na nani.

Na Mwalimu mwenyewe tumemsugua mpaka amekuwa laini kama kokwa la embe lililonyonywa. Amebaki picha ukutani na sauti ya redioni kila Oktoba. Nyerere ninayemwonea mimi wivu hakutajwa. Ni yule aliyekuwa na nchi changa mikononi, ina shida za kila namna, naye anapata muda wa kukaa na Shakespeare na kutafuta neno la Kiswahili litakaloingia kwenye mizani. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais. Mabepari wa Venisi ikafuata 1969, bado Rais. Mimi nina barua moja tu ya kamati ya mazishi ya mtaa, wananiomba nithibitishe idadi ya watu nyumbani kwangu, na tangu Februari sijapata nafasi ya kuijibu. Kisha mwaka 1985 akaachia urais mwenyewe, neno "kung'atuka" likaingia midomoni mwa watu wote. Mwenyekiti wa kikoba chetu hulitumia sana neno hilo, kila mwaka, anapoeleza kwa nini mwaka huu haliwezekani.

Zamu yangu ikafika. Niliandika John Stephen Akhwari.

Kimya. Si kile kimya cha maandazi. Hiki kilikuwa cha watu wanaotafuta jina na hawalipati. Dada wa masjala akauliza kwa upole, "Huyo ni wa Simba au Yanga?"

Mwezeshaji akafungua maka peni, tayari kuandika, akaniuliza, "Haya mzee wangu, yeye alishinda nini?"

"Hakushinda. Alikuwa wa mwisho."

Akakifunga kifuniko cha maka peni.

Nikaona niwaeleze, maana chai ilikuwa bado. Mwaka 1968, Mexico City, Olimpiki. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyembamba, mtu anahema kama amebeba gunia. Kijana wetu, mtu wa Mbulu, kaingia mbio za marathoni. Njiani misuli inambana. Wakimbiaji wanasukumana kutafuta nafasi, anaanguka, goti linateguka na kuchanika, bega linapiga chini. Wanamfunga bendeji. Mtu mwenye akili timamu, yaani mtu kama mimi, anaingia kwenye gari la wagonjwa, anaomba soda baridi. Yeye akainuka na kuendelea, mara anakimbia, mara anatembea, mara anachechemea.

Walioanza walikuwa zaidi ya 70. Waliomaliza ni 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20, akapewa medali yake, jua likazama, watu wakaanza kuondoka uwanjani. Saa nzima na dakika tano baada ya Wolde, akaingia mtu mmoja, bendeji inaning'inia mguuni, akauzunguka uwanja wenye watu wachache waliobaki mpaka akavuka mstari. Wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aende kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Jibu hilo wageni wamelichapa kwenye mabango ya kuhamasishana ulimwengu mzima. Kwetu tunauliza kama alicheza namba tatu Yanga.

Mwezeshaji akasema, "Kwa hiyo tunaweza kusema hakukata tamaa," akaliandika kwa herufi kubwa. Tukaenda chai. Sambusa zilikuwa za viazi.

Mezani kijana wa TEHAMA akanibana. Kama nataka mwanariadha wa Kitanzania, kwa nini nisimchukue Filbert Bayi, ambaye angalau alishinda? Swali la haki. Bayi namheshimu sana, ila ananichosha. Mwaka 1974 kule Christchurch, michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1,500, alifanya jambo ambalo wenye busara za mbio hawalifanyi. Kwa kawaida mwanariadha hujificha nyuma ya migongo ya wenzake, anakwepa upepo, anangoja mzunguko wa mwisho ndipo achomoke. Bayi alichomoka tangu mlio wa bastola. Akawaacha wakamfuata. John Walker, mwenyeji, akamkaribia mwishoni, na Bayi hakushikika: dakika 3 na sekunde 32, rekodi ya dunia. Miaka sita baadaye Moscow akaleta fedha ya kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5,000. Nchi nzima mpaka leo tunazo medali hizo mbili tu za Olimpiki.

Sasa mtu kama Bayi mimi nitamshika wapi? Sijawahi kuongoza chochote tangu mwanzo hadi mwisho, hata foleni ya benki. Shujaa nataka awe na mlango mahali fulani ninapoweza kupita nikaingia, nikakaa kidogo. Kwa Akhwari nimeuona mlango: nafasi ya 57. Pale napafahamu. Nimepazoea.

Jioni nikamsimulia mama watoto, naye anachambua mchele, sinia mapajani. Nilisimulia vizuri, nadhani, hata kuchechemea nikachechemea kidogo sebuleni. Kwa kiherehere changu nikaongeza kwamba Akhwari hakuwa mzembe: miaka miwili baadaye, Edinburgh, marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15.

Akaacha mchele.

"Kwa hiyo kuwa wa mwisho haikuwa kazi yake."

"Haikuwa."

"Ilikuwa ajali."

"Ilikuwa ajali."

"Baba watoto, wewe humpendi yule mtu kwa sababu alimaliza. Unampenda kwa sababu alikuwa wa mwisho." Akapepeta sinia mara moja. "Chanika mara ya mwisho umekwenda lini?"

Ndiyo hiyo nyumba. Kiwanja nilinunua Chanika, nikamwaga msingi kwa mbwembwe, watu wakala pilau juu ya jamvi. Boma likapanda haraka mpaka kwenye linta, mwaka 2013. Hapo ndipo nilipoanguka, na gari la wagonjwa nikaliita mimi mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa ada. Halafu simenti ilipanda. Halafu msiba, halafu harusi, halafu msiba wa yule wa harusi. Sasa hivi mahali pa sebule umeota mpapai, umeshazaa misimu sijui mingapi, na chumba cha watoto wanalala kuku wa jirani. Jirani huyo alikuja miaka sita nyuma yangu. Ana bati jekundu, ana geti, ana mbwa, na mbwa ananibwekea mimi ninapoingia kwenye kiwanja changu mwenyewe.

Usiku sikulala vizuri. Najua niliyempenda Mexico ni mtu aliyemaliza. Nilikuwa na hakika. Lakini nilipojaribu kuyakumbuka maneno yangu yote ya siku ile, ukumbini na mezani, sikukumbuka nimesema sana juu ya mstari wa mwisho. Nilisema sana juu ya kuchechemea.

Jumamosi nikapanda daladala mbili, nikafika Chanika saa nne. Fundi nilikuwa nimempigia, akaja na futi kamba mfukoni kama mtu aliyeitwa kufanya kazi, jambo ambalo lilinitia aibu. Tukakaa juu ya tofali zilizobaki, chini ya kivuli cha mpapai, yaani sebuleni. Kabla ya kuongea habari za kupaua nikaona nimpe kwanza kisa cha Akhwari, ili ajue moyo nilionao sasa. Alisikiliza vizuri kuliko wenzangu wa semina. Alikuwa anachora chini kwa kijiti, anatikisa kichwa penye goti, anaguna penye giza.

Nilipomaliza akauliza, "Mzee, Meksiko huko alikwenda kwa ndege?"

"Kwa ndege."

"Na chakula alipewa? Pa kulala?"

"Timu nzima, nadhani, ndiyo."

"Basi." Akatupa kijiti. Akainua macho kuitazama linta, ukuta kwa ukuta, miaka yote ile ya mvua. "Aliyemtuma akamalize alimpa nauli. Mimi mwaka ule uliniacha hapa na ngazi."

Nikaingiza mkono mfukoni. Bahasha ya semina nilikuwa nayo, sijaifungua. Akazihesabu noti mara mbili, akazikunja, akasema zinatosha misumari.

"Misumari ya bati zote?" nikauliza.

"Ya upande mmoja," akasema, akaenda kuwafukuza kuku.