Gari ya Mbao, Ruhusa Yake Agosti

Dearborn, Michigan

Ami yangu, Bi Mkubwa, na nyote mnaokaa barazani baada ya magharibi,

Huku baridi imeondoka na mimi nimerudi kuvaa koti moja. Salamu zinatosha, maana nina jambo la kumwambia Ami na haliwezi kungoja simu ya Ijumaa: jirani yangu anauza gari ya mbao.

Najua ni picha gani imewajia: gari ya Makunduchi, mikungu ya ndizi juu ya paa, utingo ananing'inia nyuma, na bibi mmoja ndani amempakata kuku ambaye hataki kumlipia nauli. Hata mimi moyo uliniruka, nikavuka barabara na kandambili. Ni Ford Country Squire ya mwaka 1978, urefu wake umepita mita tano na nusu, injini ya silinda nane, na mbavu zote mbili zimevaa ubao wa kahawia uliozungushiwa fremu nyeupe nyeupe. Nikafanya kama afanyavyo Ami anapouziwa mbao na mtu asiyemjua: nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia bati. Nikagonga chini kidogo, bati. Nikainama nikanusa, na hapo mzee mwenye gari akaanza kunitazama kwa wasiwasi.

Ami, ni karatasi ya plastiki! Imechapwa picha ya mbao, mishipa na macho yake yote, ikabandikwa juu ya chuma. Na fremu nayo si mti.

Mzee akanieleza kwamba zamani ilikuwa mbao kweli. Gari za namna hii zilianzia kwenye stesheni za reli, kupokea abiria na masanduku yao, na bodi yake ilikuwa kazi ya seremala. Ford walipoanza kuziuza kwa wingi mwaka 1929, Henry Ford alikuwa ameshanunua msitu wake mwenyewe na kuweka kiwanda cha mbao huko Iron Mountain, kaskazini ya jimbo hili. Mabaki ya mbao hayakutupwa. Yalichomwa mkaa, mkaa ukasagwa, ukashindiliwa vidonge vya kuenea kiganjani, na ukauzwa kwa mawakala wa magari ya Ford. Bi Mkubwa, fikiri: unaingia kununua gari, unatoka na mkaa wa kupikia pilau.

Lakini mbao zilikuwa na adabu zake. Zilitaka vanishi kila baada ya muda, zililia njiani, zilioza mvua zikizidi. Chuma kilipokuja watu wakashusha pumzi, kisha wakatazama gari tupu isiyo na ubao wakaona haya, kama wametoka bila kofia. Basi ikabandikwa picha. Tangu miaka ya 1950 mpaka Country Squire ya mwisho mwaka 1991, Wamarekani wamewapeleka watoto skuli ndani ya picha ya ubao. Hata zile gari fupi za familia za Chrysler, zilizotoka na modeli ya 1984 zikaziua hizi ndefu, baadhi yake zilibandikwa ubao huo huo ubavuni. Muuaji amevaa kanzu ya marehemu.

Sasa mlango wa nyuma. Ami, weka nyundo chini. Mlango ni mmoja, lakini una mikono miwili na bawaba zenye akili kuliko mimi. Ukitaka, unafunguka kwa ubavu kama mlango wa chumba, kioo kikiwa juu. Ukitaka, unafunguka vivyo hivyo kioo kikiwa kimezama ndani yake. Ukitaka tena, unazamisha kioo, unavuta mkono mwingine, na mlango mzima unalala chini kama ubao wa nyuma wa lori. Mzee alinionyesha, akaufunga, akaniambia nijaribu. Nilivuta, nikasukuma, nikasoma dua. Mjukuu wake wa chekechea akaja akaufungua huku anakula biskuti.

Ndani, nyuma kabisa, kuna viti viwili vidogo vya kukunjua, na vinatazamana. Nikaingia nikakaa, magoti kidevuni. Vinatazamana kama vya kwetu, nawaambia, goti kwa goti. Mwili ukasogea wenyewe kumpisha mtu, na hapakuwa na mtu wa kumpisha. Mzee akaniuliza kama nimekaa vizuri. Nikamwambia vizuri sana, ila hakuna vumbi, na hakuna anayeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kioja chenyewe ni namba zake. Hapa Michigan gari ikitimiza miaka 26, na kama unaiweka kwa kumbukumbu tu, unaweza kuikatia namba za gari za kihistoria. Ukishazifunga, gari inakuwa mwari. Inaruhusiwa kwenda kwenye maonyesho, gwaride na shughuli za vilabu vya magari ya kale. Sokoni haiendi, kazini haiendi. Isipokuwa mwezi wa Agosti! Agosti sheria inaiachia: nenda popote, nunua vitunguu, chukua watoto. Na Agosti hiyo hiyo hufanyika msafara wa magari ya kale barabara ya Woodward, watu wanaleta viti na kukaa kando ya njia kutazama gari zikipita. Mimi niliyekulia Darajani nikikimbizana na gari zikipita sasa nitabeba kiti.

Mzee anataka dola 14,000. Nikamuuliza bei ya mwisho, akajibu ndiyo hiyo aliyoitaja mwanzo, hakuongeza hata kahawa. Mke wangu amesema nikiinunua nitalala humo, na kusema kweli nafasi ipo.

Kisha nikamwonyesha mzee kwenye simu picha ya gari ulizoziunda, Ami. Wewe uliyekuwa ukinambia nisome nisije kupigilia misumari maisha yangu yote. Mzee aliivuta picha ikawa kubwa, akakaa kimya, akauliza kama ule ni ubao wa kweli. Nikamwambia wa kweli, na chini yake kuna chasisi ya lori. Akauliza fundi ni nani. Nikajikuta nimevimba kifua kana kwamba randa niliishika mimi, ilhali mnajua nilikuwa naletwa karakanani kufagia takataka.

Anataka kujua utamtoza kiasi gani kuing'oa ile plastiki na kuivisha Ford yake mninga mbavu zote mbili, pamoja na mlango ule wa nyuma. Taja bei ya mgeni, Ami, wala usimwonee huruma. Na humo usisahau kuweka changu cha udalali.

Wenu mtiifu,
Mwana wenu wa Michigan