Kahkaha na Stara

Haifai kumlaumu Bülent Arınç, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uturuki, ambaye katika Idi ya mwaka 2014, akiwausia watu wa Bursa juu ya maadili, alitanabahisha kwamba mwanamke mwenye haya hatoi kahkaha hadharani. Kwani cheko hilo la sauti, likitoka kinywani mwa mwanamume, huwa ni bashasha tu ya barazani, hata magego yakionekana, ilhali kwa mwanamke ni hatari kuliko baruti, maana baruti yangojea moto, nalo cheko lajiwasha lenyewe. Siku zile zile wanawake wengi wakaeneza picha zao wakicheka, vinywa wazi, na dola, alhamdulillahi, haikuporomoka. Bila shaka kwa kuwa picha hazina sauti.