Heri Gari Livujalo

Lucian wa Samosata, mwandishi wa enzi za Warumi, alikaa chini akaandika insha nzima ya kumsifu nzi. Hakuwa na gari. Angekuwa nalo, tena Toyota 110 yenye namba ya zamani ya KA, na angekuwa mkazi wa Njiru hapa Nairobi, nzi angengoja zamu yake. Mimi nalisifu tone la oili: lile jeusi linaloning'inia kwenye nati ya sampu chini ya injini, likanenepa taratibu kama lina muda wote duniani, kisha likajiachia na kutua palepale lilipotua la jana.

Fadhila zake ndogondogo nitazipita mbio. Uvungu wa gari langu hauna kutu, maana kutu imekosa pa kushika. Mwizi akilinusa hulisamehe. Oili ikidondokea ekzosi yenye moto hutoa moshi ambao keyateka wa ploti yetu ameujua kuliko honi, na lango hufunguliwa kabla sijafika. Na unyenyekevu je? Mwenye gari jipya hupiga magoti siku ya ibada tu. Mimi kila asubuhi niko chini, shavu kwenye udongo, nachungulia.

Lakini hizo ni porojo. Fadhila kuu ya gari langu ni kwamba linajenga nchi. Gari langu linatia lami.

Usicheke. Lami na oili ni ndugu wa tumbo moja, zote zimetoka kwenye mafuta ghafi. Tofauti yao ni kwamba lami hupatikana kwa zabuni. Ukiiacha Barabara ya Kangundo ukaingia mitaani kwetu, lami inakuaga hapo hapo kwenye makutano. Kuanzia hapo ni udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kupeperuka, na masika hukuvua kiatu ukabaki na soksi. Malori ya mawe kutoka machimboni hupita juu yake yakiacha mitaro ya kutosha kuzika mbuzi. Ni juu ya udongo huo ambapo gari langu, bila tangazo gazetini, bila mhandisi mshauri, bila ule ubao mkubwa wenye jina la mkandarasi na tarehe ya kukamilika, hushusha tone baada ya tone. Hakuna aliyelipwa malipo ya awali akatoroka na greda. Hakuna mheshimiwa aliyekuja kukata utepe. Awamu ya kwanza inatoka lango la ploti mpaka kwa mama wa genge, na mama huyo, ambaye sukuma wiki yake huoshwa mara mbili kabla ya kukatwa, ni shahidi kwamba pale ninapogeuzia gari vumbi haliinuki. Upana wa barabara yenyewe bado ni kiganja. Lakini ni kiganja kilichokwisha, na si mipango iliyo mbioni.

Wataalamu wa mazingira watanuna, na wana haki. Huko Missouri, Marekani, mji wa Times Beach ulinyunyiziwa oili chafu miaka ya 1970 ili kutuliza vumbi. Ikaja kubainika kwamba oili ile ilichanganywa na dioksini, na mwaka 1983 serikali ikaamua kuununua mji mzima na kuwahamisha watu wake. Kisa cha kuogofya. Hata hivyo nilipokisoma nilibaki na wivu kidogo: kumbe zipo serikali zinazoweza kujua kwamba barabara fulani ina vumbi.

Wapo wanaotaka kuusimamisha mradi huu kwa kuziba. Kuziba kwenyewe, kwa sehemu nyingi, ni kazi ya asubuhi moja nyumbani, na hapo ndipo uchungu unapoanzia. Unaosha injini, unaikausha, unazunguka kidogo, kisha unatafuta ukianzia juu, kwa sababu oili hushuka na upepo huisukuma nyuma. Doa unalolaumu sampu huenda limezaliwa kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Kwa Toyota nyingi, spana namba 10 inatosha kuifungua kava hiyo. Gasketi ya mpira ya zamani utaikuta imekauka, inavunjika kama biskuti. Unafuta mfereji wake mpaka ung'ae, unaweka gasketi mpya, unatia silikoni kidogo tu kwenye pembe zile ambapo vishikio vya kamshafti vinakutana na silinda hedi, halafu unakaza kidogokidogo ukianzia katikati kwenda nje. Kidogokidogo! Kava haishikilii daraja. Ukikaza kwa hasira gasketi inaminyika, kava inapinda, na uvujaji unarudi na ndugu zake. Angalia pia ile valvu ndogo ya kupumulia, PCV. Ikitolewa na kutikiswa bila kulia, imeziba, na injini isiyopumua itasukuma oili nje kupitia kila sili utakayobadilisha.

Sasa mpe fundi kazi hiyo hiyo. Simtaji, na sina haja, maana ukimwita kwa jina la kazi yake barabarani watageuka wote. Unampa pesa ya gasketi aende Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Anarudi na tyubu ya silikoni. Chenji hakuna. "Mdosi, hii ndiyo wanatumia siku hizi." Anaimwaga kote kote, anakaza kwa nguvu za mtu anayefunga mlango wa benki, na kesho tone liko pale pale. Na hilo la kudondoka nje ndilo dogo! Silikoni iliyozidi huminyikia ndani pia, hukatika, huanguka kwenye sampu na kwenda kuziba kichungio cha pampu. Injini inakufa kwa kiu huku imejaa oili. Mtu ameua injini ya watu, kisha anakuuliza kama una ya chai.

Lakini tumtendee haki. Fundi hakuliweka lile jiwe. Sampu yangu ilitobolewa na jiwe lililosimama katikati ya njia, njia ambayo nimeilipia. Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya hukatwa tozo ya matengenezo ya barabara: ilikuwa shilingi 18, na Julai 2024 ikapanda hadi 25. Mimi hulipa bila kuulizwa. Sijawahi kufika kituoni nikaambiwa, wewe wa Njiru, pole, wewe lipa nusu. Mwaka 2025 ikaja habari nyingine, kwamba shilingi 7 katika hizo 25 zimewekwa rehani ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Kwa hiyo lita nitakayoinunua mwaka ujao imekwisha kulipia barabara iliyojengwa zamani, mahali ambapo sipiti. Na hapo bado magavana na wabunge walikuwa wameshikana mashati hadi mahakamani, wakigombania bilioni 10.5 za tozo hiyo hiyo: ni za kaunti au ni za maeneobunge? Kila upande uliapa kwamba ndio wenye uchungu na barabara za mashinani.

Mwenye sampu hakuitwa kutoa ushahidi.

Anayekumbukwa na sheria ni anayelala chini ya gari. Sheria za jiji zinakataza kutengeneza gari mahali pasipotengwa kwa kazi hiyo, isipokuwa iwe ni dharura. Jiwe katikati ya njia halina sheria yake. Spana ya namba 10 inayo. Basi ukiliinua gari lako kando ya njia, weka jibu lako tayari mapema: afande, hii ni dharura. Na si uongo. Nchi yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 liingie bandarini Mombasa, ila haisemi litoke lini, na sisi wa namba za KA tuko kwenye dharura tangu zamani.

Tapeti nimeziba. Sampu imechomelewa. Kumebaki sili ya nyuma ya krenki, iliyojificha kati ya injini na giaboksi, ambayo sili yenyewe si ghali ila ni lazima giaboksi lote lishuke ili ifikiwe. Fundi mwingine, huyu mstaarabu, ananihimiza tulishushe kabla ya mvua. Nimemwambia asubiri. Magavana na wabunge wakishakubaliana barabara yetu ni ya nani, nitaleta gari siku hiyo hiyo. Kwa sasa, kuanzia langoni hadi kwa mama wa genge, hakuna mkandarasi mwingine aliye kazini.